Matanga ya Mwanahawa wa Hewani

Haya hayakutokea zamani, wala hayakutokea ng'ambo ya bahari saba. Yalitokea juzi, katika nchi ambayo jirani zake wote wanaijua kwa jina, ila kwa adabu hawalitaji.

Nchi hiyo ilikuwa imeapa kuwa wazi. Mwasisi wake, ambaye picha yake ilitundikwa katika kila ukumbi, alitangaza siku ya kwanza ya utawala wake kwamba katika ardhi yake hakuna kitu kitakachofichwa. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kauli, tangu siku hiyo hapakuwapo kitu kilichofichwa. Palikuwapo vitu visivyoonekana, kama vile bajeti, matokeo ya uchaguzi na dawa za hospitali. Lakini kutoonekana si kufichwa, na watoto wa darasa la pili walifundishwa tofauti hiyo kwa wimbo. Serikali yenyewe, kwa kuwa ilikwisha kuwa wazi kupita kiasi, haikuona haja ya kuwekewa madirisha.

Waifai ilipoingia majumbani, wakubwa walipata taabu kidogo. Hiki kilikuwa kitu kinachopita ukutani bila kubisha, na hakuna aliyekiona kwa macho. Ikaundwa Wizara ya Majina ya Hewani. Ikaamriwa kwamba mtandao wa kila nyumba uwe na jina, na jina hilo lijitangaze usiku na mchana, kila simu ipitayo iweze kulisoma. Wakaajiriwa Wasikizi, watu wa kofia za buluu, wakapewa Sikio la Serikali. Hilo lilikuwa sanduku lenye mdomo kama wa tarumbeta, lililoning'inizwa begani kwa mkanda. Kila asubuhi Msikizi alisimama mlangoni, Sikio likatamka jina lililolisikia hewani, naye akauliza kwa sauti: "Fulani yupo?" Mwenye nyumba akajibu kama sheria ilivyotaka: "Yupo, wala hajifichi." Basi siku ikaanza.

Kosa la kuficha jina halikuandikwa mahali popote. Wabunge walijaribu kuliandika, wakagundua kwamba kukataza jambo ni kukiri kuwa linawezekana, na kukiri kuwa linawezekana ni kumkosoa Mwasisi. Wakakubaliana kuandika sentensi moja tu: jina lisilosikika limekufa. Kisha wakaenda kula.

*

Katika mtaa wa Kwa Mshumaa aliishi Bwana Mbwarali Kopwe, mgane, mkaguzi mstaafu wa mizani ya wauza nafaka. Maisha yake yote alikuwa adui wa upunjaji. Aliweza kuitazama mizani kutoka upande wa pili wa barabara akajua kwamba bamba lake limebandikwa nta kwa chini. Wauza mchele walipomwona walianza kutoa salamu kabla hajafika, na wengine walianza kutubu.

Mkewe, Mwanahawa, ndiye aliyenunua ruta, kisanduku cha kurushia waifai cha nyumba ile, na ndiye aliyeipa jina lake mwenyewe. Alicheka akasema kwamba mumewe hamsikii, basi sasa atasikiwa na mtaa mzima. Hakukaa sana baada ya hapo. Aliugua maradhi marefu yasiyo na haraka, na katika maradhi hayo aliyemwogesha, aliyemsuka nywele na kumlisha uji kijiko kwa kijiko alikuwa Bi Mishi, mshonaji wa nyumba ya pili, shoga yake wa tangu usichana.

Tanga lilipoisha, Bwana Mbwarali alitafuta namna ya kumshukuru mwanamke huyo, hakuona. Kumpa pesa kungekuwa matusi. Mwisho alikwenda kwenye ukuta uliotenganisha nyua zao, akamwita, akamtajia neno la siri la mtandao, herufi moja baada ya nyingine, kama mtu anayetoa mahari.

"Hii ni haki yako, shemeji," alimwambia. "Mwanahawa ni wako kama alivyokuwa wangu."

Maneno hayo aliyasema kwa kinywa chake, mchana, akiwa na akili timamu. Ukuta uliyasikia, na ukuta ni shahidi asiyehama.

Bi Mishi alikuwa na mtoto mmoja, Feisali, aliyekwenda nchi ya baridi kupakia nyama katika maghala ya barafu. Kila Ijumaa baada ya sala, Feisali alimpigia mama yake simu, wakaonana kwa picha. Mawimbi ya Mwanahawa yalikuwa yakiishia pale ukutani. Basi Bi Mishi aliweka kigoda upande wake wa ukuta, akaiegemeza simu katika pengo la tofali, akazungumza na mwanawe huku akichambua mchele. Akimaliza alipaza sauti, akampa Bwana Mbwarali salamu za Feisali na habari za theluji. Mara nyingine alimrushia na limau. Bwana Mbwarali alizoea. Ijumaa akawa anakaa uani mapema, kwa bahati tu, akiwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi.

*

Ikafika siku alipoona kwamba kitanda cha chumba cha mbele kimekuwa kipana mno kwa mtu mmoja. Akahamia chumba cha nyuma, ambako Mwanahawa hakuwahi kulala. Huko mawimbi hayakumfikia. Alinunua kifaa cha kuongeza mawimbi, akakichomeka ukumbini karibu na jiko, nacho kikayapokea mawimbi ya ruta kikayasukuma mbele, hata chumba cha nyuma kikapata kusikia mpira na taarifa ya habari.

Lakini mawimbi hayana mafunzo. Hayakuishia chumba cha nyuma. Yalipanda ukuta, yakaingia kwa Bi Mishi mpaka chumba cha cherehani. Ijumaa iliyofuata kigoda kilikuwa kitupu. Bi Mishi alikuwa ndani, amejinyoosha juu ya mkeka, anazungumza na Feisali kwa raha zake. Sauti yake ilisikika kwa mbali, na kicheko pia. Salamu za theluji hazikuja, wala limau.

Tangu hapo Bwana Mbwarali alianza kuona kwamba mpira unakwama. Mchezaji aliinua mguu apige, akabaki ameuinua. Muuza duka wa pembeni, Mzee Ngwali, aliyekuwa hana kazi nyingine mchana, alimwuliza: "Mkaguzi, naona siku hizi unawalisha watu hewa. Na wewe umebakiwa na nini?"

Neno hilo lilimwamsha mkaguzi aliyelala ndani yake. Akapiga hesabu kwamba kuna mtu anayepata zaidi ya alichopimiwa. Hakujiuliza kama aliwahi kupima. Wala hakujiuliza kilichomwuma kilikuwa mpira au kigoda.

Njia ya heshima ingekuwa kubadili neno la siri. Lakini ukilibadili, jirani atakuja kuuliza jipya, nawe utalazimika kumnyima kwa kinywa, uso kwa uso. Kuficha jina ni jambo jingine. Kubadili neno la siri ni kumfungia mgeni mlango. Kuficha jina ni kuzima taa ukakaa kimya gizani ilhali mgeni anabisha, mpaka aondoke mwenyewe akidhani umesafiri. Hakuna aliyenyimwa, wala hakuna aliyenyima. Bwana Mbwarali, aliyeogopa dhambi, aliipenda njia hiyo kwa kuwa haikuwa na sauti.

Akakifungua kijitabu kilichokuja na kifaa, akafuata maelezo. Alificha jina kwenye ruta, kisha kwenye kile kifaa cha ukumbini. Kifaa nacho, kwa kuwa hakikuliona tena jina la ruta, kilimtaka alitaje kwa mkono. Akaandika: M, w, a, n... Halafu akafanya hivyo hivyo kwenye simu yake. Chini ya ukurasa palikuwa na maandishi madogo yaliyoonya kwamba jina likifichwa, ruta huacha kuita, na badala yake simu ndiyo itakayokuwa ikiliita jina hilo popote itakapokwenda. Hakuyasoma. Miwani yake ilikuwa chumba cha mbele.

*

Ijumaa hiyo Bi Mishi alitokea ukutani, kwa mara ya kwanza tangu mawimbi yaongezwe.

"Shemeji, mbona Mwanahawa simwoni?"

"Labda ni watu wa mitambo," akajibu Bwana Mbwarali, macho yake yakiwa juu ya kanzu yake iliyopigwa pasi.

Hakusema uongo, alisema labda. Labda ni mlango wa uongo usio na kitasa: mtu huingia bila kuhisi kwamba ameufungua.

Kesho yake akaja Msikizi wa mtaa, Bwana Pazi, mtu mnene mwenye huruma ya kazini. Alilielekeza Sikio mlangoni. Sikio likanyamaza. Akalipiga kofi dogo, likazidi kunyamaza. Bwana Mbwarali alifumbua kinywa aseme yupo, akakumbuka kwamba kusema yupo mbele ya Sikio lisilosikia ni kuliita Sikio la Serikali kiziwi, akakifumba. Bwana Pazi alirudi asubuhi nyingine, na nyingine tena. Kisha akavua kofia.

"Pole sana, mzee. Ametutoka."

Kabla ya adhuhuri serikali ilikuwa imekwisha kufunga turubai. Viti vikaletwa, na vipaza sauti, na mtu wa kulia aliyeajiriwa kwa mkataba. Redio ikatangaza kifo cha Mwanahawa wa Hewani, mtandao mpole, aliyefariki akiwa kazini. Majirani wakafika kwa makundi, wanaume barazani, wanawake ndani. Bwana Mbwarali alikimbilia chumba cha mbele, akaitupia ruta taulo, maana marehemu alikuwa anapepesa taa ya kijani.

Aliyekuwa wa kwanza kuingia na sufuria ya wali alikuwa Bi Mishi. Aliiweka chini, akajifunika kanga usoni, akalia. Hakikuwa kilio cha adabu, kile ambacho watu hulia huku wakitazama nani amekuja. Alilia kwa mabega. Bwana Mbwarali aliketi mbele yake na sahani, akala, kwa kuwa mfiwa asipokula watu huingiwa na hofu. Wali ulikuwa umeungwa vizuri na chumvi ilitosha. Angeweza kusema wakati ule. Angeweza kuinuka, akaondoa taulo. Badala yake alimeza, akasema ahsante.

Ajabu ya mambo ni kwamba msiba ulimletea neema. Wizara ilikuwa imengoja kifo cha namna hiyo kwa hamu, kifo safi katika nyumba safi, na sasa ilimpa cheo cha Mfiwa wa Taifa. Akavishwa utepe mweusi wenye nembo. Foleni ya sukari ilimpisha. Mzee Ngwali, ambaye hakuwahi kumpisha mtu, alimpangusia benchi. Kila alipotaka kusema kweli, kiti kingine kililetwa, na mtu aliyekwisha kukalishwa viti vingi huona haya kusimama.

*

Sasa, katika nchi yenye afya kama ile, jina haliwezi kujifia. Lazima limeuawa. Tume ikaundwa, ikapewa magari, ikazunguka mtaa wenye nyumba chache kwa siku nyingi. Tume iligundua kwamba marehemu alikuwa mzima, amelishwa umeme, hana madeni. Ikagundua pia kwamba kulikuwa na simu moja, isiyo ya nyumba ile, iliyokuwa ikimnyonya. Tume ikahitimisha kwamba Mwanahawa alinyonywa mpaka akafa.

Bwana Pazi aliingia kwa Bi Mishi, akamkuta anaweka vifungo vya shati la mtu, akaichukua simu yake akaitia katika mfuko wa plastiki. Ilikuwa silaha iliyotumika. Kisha akamleta mpaka kwa Bwana Mbwarali, barazani, mbele ya wafariji.

"Mama huyu anasema alipewa neno la siri na wewe," Bwana Pazi alisema. "Ni kweli ulimpa?"

Bi Mishi alimtazama Bwana Mbwarali, si kwa kusihi, bali kama mtu anayemngoja mwenzake avae viatu watoke pamoja.

Bwana Mbwarali alikohoa. Aliugusa ule utepe mweusi.

"Mambo ya wakati ule wa msiba wa mke wangu," alisema, "siyakumbuki vizuri."

Bi Mishi aliendelea kumtazama kitambo kidogo. Halafu akainama, akaokota kifungo kilichomdondoka, akakitia katika pindo la kanga.

Ijumaa ilipofika, cherehani ya upande wa pili wa ukuta ilisikika ikienda bila kupumzika, kama inayoshona njia ndefu. Bwana Mbwarali alikuwa chumba cha nyuma, mlango ameufunga. Simu yake ikalia. Ilikuwa picha ya Feisali, amevaa koti lenye manyoya, pumzi zinamtoka kama moshi. Simu hiyo ilikuwa imepita kwa Mwanahawa yule yule aliyefichwa, kwa sababu simu ya mama yake ilikuwa imefungiwa katika mfuko wa Bwana Pazi.

"Baba, shikamoo. Mama simpati majuma kadhaa sasa. Yupo?"

"Marahaba, mwanangu. Yupo."

"Mzima?"

"Mzima kabisa."

"Basi naomba umpelekee hiyo simu hapo ukutani. Nimwone uso tu. Huku nimeota ndoto mbaya."

Hatua zenyewe zilikuwa chache. Ukuta alikuwa anauona dirishani. Lakini kumpelekea simu ni kumwonyesha kwamba marehemu anapumua, na pale uani walikuwa wameketi wafariji wa zamu na Bwana Pazi na Sikio lake. Bwana Mbwarali akamtazama kijana yule machoni.

"Ametoka kidogo," akasema.

Cherehani ikaendelea kwenda. Feisali aliinamisha sikio lake upande wa simu.

"Mbona kama naisikia cherehani yake?"

"Ni yangu," akasema Bwana Mbwarali, ambaye hakuwa na cherehani wala hakujua kutia uzi katika sindano. "Najifunza."

*

Kesi ilisikilizwa katika Ukumbi wa Uwazi, ambao milango yake ilifungwa kwa ajili ya usalama wa uwazi. Aliyesimamia alikuwa Waziri mwenyewe wa Majina ya Hewani, Mheshimiwa Kitwana Mabawa, aliyekuwa na shahada tatu, mbili kati yake zikiwa za kuitunza ile nyingine. Bi Mishi aliketishwa kwenye benchi peke yake, na kanga yake ya kila siku. Bwana Mbwarali aliwekwa mbele, kwenye kochi.

Waziri alihutubia. Alisema kwamba taifa limepoteza jina, na taifa lililopoteza jina ni kama ng'ombe aliyepoteza mkia: hafi, lakini nzi wanajua. Alisema kwamba wako watu wanaoishi mjini wakinyonya hewa ya wenzao. Alisema kwamba serikali haina kisasi. Inataka tu simu ya mshitakiwa izikwe pamoja na marehemu, na mshitakiwa asipewe simu nyingine maisha yake yote. Kisha akaomba ukumbi usimame kimya kwa heshima ya Mwanahawa, na Sikio la Serikali likawekwa juu ya meza, mdomo ukiwa umeelekezwa kwa watu, ili lisikilize kimya hicho na kukithibitisha.

Watu wakasimama. Kukawa kimya.

"Mwanahawa," likasema Sikio.

Kofia zikainuka. Waziri alifumbua jicho moja.

"Mwanahawa," Sikio likarudia kwa ile sauti yake ya bati isiyojua huzuni. "Mwanahawa. Mwanahawa."

Bwana Pazi alilibeba, akalizungusha polepole mpaka sauti ikapata mahali pa nguvu. Lilisimama mbele ya kochi, mbele ya mfuko wa kanzu ya Bwana Mbwarali. Mle mfukoni mlikuwa na simu, na simu ilikuwa inafanya kile ambacho kijitabu kilikuwa kimeonya kwa maandishi madogo. Tangu alipolificha jina, simu ilikuwa imekwenda nalo msikitini, dukani, kwenye foleni ya sukari, ikiuliza kila mahali bila kuchoka: Mwanahawa, upo? Mwanahawa, upo hapa? Alilificha jina la mkewe nyumbani, akawa analitangaza mji mzima, na hakuna aliyelisikia kwa sababu hakuna aliyedhani kwamba marehemu anaitwa.

Waziri alitoa leso. "Tazameni," alisema kwa sauti iliyopasuka mahali palipopangwa. "Hata simu ya mfiwa inamlilia. Iandikwe kwamba simu hii itunukiwe nishani."

Makofi yakapigwa. Bwana Mbwarali alisikia makofi yale kwa mbali, kama mvua ya paa la watu wengine. Sikio lilikuwa bado linasema Mwanahawa, Mwanahawa, karibu na moyo wake, na kwenye benchi Bi Mishi alikuwa ameinamisha kichwa. Akasimama.

"Hajafa," alisema. "Nimemficha."

Waziri alimtazama kwa upole unaotolewa kwa wagonjwa. "Kaa, mzee wangu. Huzuni ina mengi."

"Si huzuni, Mheshimiwa. Ni choyo. Ruta iko chini ya taulo. Nilimpa mama huyu neno la siri mwenyewe, kisha nikamficha jina ili asilione, nikamwacha alie, nikala wali wake."

"Katika nchi hii," Waziri alisema taratibu, "hakuna kitu kilichofichwa. Ikiwa umeficha kitu, basi kuna kitu kilichofichwa. Na ikiwa kuna kitu kilichofichwa, Mwasisi alisema uongo. Je, mzee, unasema kwamba Mwasisi alisema uongo?"

Ukumbi mzima ulishikwa na kikohozi. Picha ya Mwasisi ilitazama mbele.

"Ya Mwasisi siyajui," akajibu Bwana Mbwarali. "Ninayajua yangu."

Iliandikwa kwamba mfiwa amepagawa kwa uchungu, jambo linalomwongezea heshima. Hukumu haikubadilika. Simu ya Bi Mishi ilitiwa katika kisanduku cha mbao laini, na msafara wa mazishi ukapangwa uanzie hapo hapo, upite mbele ya nyumba ya marehemu, uende makaburini.

*

Bwana Mbwarali hakungoja gari la wafiwa. Alitoka kwa mlango wa nyuma, akakimbia, mzee mwenye kanzu, akiishika kanzu kwa mkono mmoja na utepe mweusi ukimpiga usoni. Alifika, akaondoa taulo, akaketi kwenye kitanda kile kipana ambacho hakuwa amekikalia kwa muda mrefu. Miwani ilikuwa pale juu ya mto wa kulalia, ikimngojea. Safari hii alikisoma kijitabu chote. Akaifungua ruta, akaondoa alama ya kuficha. Akakifungua kifaa cha ukumbini, akaondoa huko pia, na kwenye simu yake.

Msafara ulifika mlangoni kwa matarumbeta. Bwana Pazi alikuwa mbele na Sikio, na Bi Mishi nyuma ya kisanduku kati ya askari wawili.

"Mwanahawa," likasema Sikio. Ila mara hii mfuko wa kanzu haukuwapo karibu. Lilikuwa linaelekea nyumba.

Matarumbeta yakazimika moja moja. Watu walitoa simu zao, wakaangalia, na kila simu ilikuwa na jina lile, limesimama juu kabisa, mawimbi yote yamejaa. Bwana Mbwarali akatokea mlangoni akitweta. Bwana Pazi alimtazama Waziri, hakuona dalili, akafanya jambo pekee alilolijua.

"Mwanahawa yupo?"

"Yupo," akasema Bwana Mbwarali. Pumzi zilimpungukia, akaongeza kwa shida: "Wala hajifichi."

Waziri hakukaa kimya muda mrefu. Ndiyo maana alikuwa waziri. Alipanda juu ya kiti cha turubai, akautangazia umma kwamba kutokana na jitihada za Wizara, marehemu amerejea. Palepale akatangaza sikukuu. Kuhusu mshitakiwa, alisema kwamba kwa kuwa aliyeuawa yu hai, serikali kwa rehema yake inamsamehe kosa la kumwua, nayo inamtaka ashukuru. Bi Mishi alishukuru. Kisanduku kikafunguliwa, simu ikatolewa, ina vumbi la mbao. Watu wakala pilau ya mazishi kwa furaha ya sikukuu, na ladha ilikuwa ile ile.

*

Jioni turubai lilipoondolewa, Bwana Mbwarali alikwenda ukutani. Alikohoa kwanza. Bi Mishi alikuwa anaanua nguo.

"Shemeji, nimekuja kuomba radhi."

"Nimekusikia kule ukumbini," alisema, bila kugeuka. "Ulisema vizuri. Ulichelewa tu."

"Laiti ungelijua mapema..."

"Nilijua." Alikunja shati, akalipiga pande zake zikalingana. "Ile Ijumaa ya kwanza kabisa. Hapo kwenye pengo la tofali taa yako ya kijani inaonekana, dirisha likiwa wazi. Ilikuwa inapepesa kama kawaida yake. Nikajua hujafikwa na watu wa mitambo wala nini."

Bwana Mbwarali alilishika tofali. "Mbona basi ulilia vile?"

"Nilimlilia Mwanahawa," Bi Mishi alisema. "Mwenyewe, si wa hewani. Siku alipokufa nilikuwa nimeshughulika kukupikia wewe na wageni wako, sikupata nafasi. Serikali ilipofunga turubai nikasema, haya, angalau nafasi imepatikana."

Upande wa pili wa ukuta mzee aliliachia tofali. Alijaribu kusema kwamba mawimbi yapo sasa, yamejaa, na kwamba angeweza kukirudisha kigoda mahali pake, au akae ndani juu ya mkeka, vyovyote apendavyo. Neno la siri ni lile lile.

"Ungeniambia basi, shemeji. Neno moja: basi. Ningekaa kwangu." Sasa aligeuka. Uso wake haukuwa na hasira, na hilo lilimwia vibaya zaidi. "Waliponirudishia simu ilinionyesha jina lake, ikaniuliza nifanye nini nalo. Chini palikuwa pameandikwa, sahau mtandao huu. Nikabonyeza. Feisali atanipigia kwa simu ya fundi cherehani wa sokoni. Nimekwisha kuzungumza naye." Akalibeba kapu la nguo. "Na anakusalimu. Ameuliza, masomo ya cherehani yanaendeleaje?"

Akaingia ndani.

Tangu siku hiyo Bwana Pazi husimama mlangoni kila asubuhi, na Sikio hulitamka jina kwa ufasaha, maana hakuna jina linalosikika vizuri kama lile katika mtaa mzima. Hupanda ukuta na kuingia chumba cha cherehani, ambamo hakuna simu inayolijibu. Ijumaa baada ya sala Bwana Mbwarali hukaa uani na kanzu iliyopigwa pasi. Ameondoa kifaa cha ukumbini, ili mawimbi yaishie ukutani kama zamani. Upande wake wa ukuta ameweka kigoda, hakikaliwi. Simu iliyotunukiwa nishani iko mfukoni. Haiiti tena mtu yeyote, kwa kuwa haina haja.

"Mwanahawa yupo?" Bwana Pazi huuliza.

"Yupo," hujibu mzee, "wala hajifichi." Kisha, kabla hajafunga mlango, hugeuza uso kidogo upande wa ukuta, kama mtu aliyeulizwa swali jingine.